Mume, Mke na Mto Ulio Katikati Yao

 

Tumezoea kuzungumza juu ya amani kati ya kabila na kabila, kati ya askari na raia. Leo nawaomba tuingie ndani ya nyumba. Pengine nyumba yako ni hema. Pengine ni chumba kimoja ulichopewa na jamaa, watu wazima na watoto wote pamoja. Ndani ya nyumba hiyo mna mume na mke, na kati yao vita imeleta njaa, deni, ugonjwa, na maneno ambayo zamani hayakusemwa. Swali la leo ni hili: ni kitu gani kinawashikamanisha mume na mke wakati taabu inataka kuwatenga?

Sitajibu kwa maneno matamu ya harusi. Mimi nilisoma sheria, na sheria humzoeza mtu kuuliza kwanza: ni jambo gani lilitokea, mwaka gani, na matokeo yake yalikuwa nini? Basi tuiulize historia ya nchi yetu. Ina mengi ya kutufundisha juu ya ndoa, kwa sababu kila aliyetaka kuwatawala watu wetu kwa nguvu aliugusa mlango huo huo, mlango wa mume na mke.

1. Wakati wa mpira: mke aliwekwa rehani

Tangu 1885 hadi 1908 Kongo ilikuwa mali ya mtu mmoja, Mfalme Leopold II wa Ubelgiji. Wazee waliiita serikali yake Bula Matari, mvunja mawe. Baada ya 1890 Ulaya ilitaka mpira kwa wingi, kwa ajili ya matairi ya baiskeli na baadaye ya magari. Katika misitu ya Equateur na sehemu nyingine, vijiji vililazimishwa kuleta mpira wa mwituni kwa kipimo. Kazi hiyo ilimweka mwanamume msituni siku nyingi, naye mtu aliye msituni anaweza kutoroka asirudi.

Basi walinzi wa makampuni na wa serikali walifanya nini? Waliwakamata wanawake. Waliwafungia katika nyumba za mateka mpaka mpira uletwe. Wengi walikufa humo kwa njaa na magonjwa. Hii si hadithi ya kando ya moto. Mwaka wa 1904 Leopold alilazimika kutuma tume ya uchunguzi, Wakongo wenyewe wakasimama mbele yake wakatoa ushahidi, na ripoti iliyotolewa 1905 ilikubali kwamba wanawake walishikwa kama mateka.

Sasa fikirini vizuri. Kwa nini walimkamata mke? Kwa sababu walijua kwamba mume atarudi. Wakati huo kulikuwa na wageni waliosema kwamba mtu mweusi hana mapendo, kwamba yeye hununua mke kama mbuzi. Lakini biashara yao ilisimama juu ya mapendo hayo hayo. Kama mwanamume wa Kongo asingalimpenda mke wake, nyumba ya mateka isingaliwaletea hata kikapu kimoja cha mpira. Watesi wetu wenyewe walitoa ushahidi wa upendo wetu bila kutaka.

Wekeni pia jambo la pili moyoni, tutalirudia. Wanawake wengi walioshikwa hivyo waliharibiwa na walinzi. Jiulizeni: aibu ya tendo hilo ilikuwa ya nani?

2. Wakati wa migodi: posho kwa jina la mume

Twende sasa kusini, Katanga. Mwaka wa 1906 ilianzishwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, na mwaka wa 1910 mji wa Elisabethville, ndio Lubumbashi ya leo. Mwanzoni wanaume waliandikwa kazi kutoka mbali, kwa mikataba ya miezi michache, wake wakabaki vijijini. Wengi walikufa kwa magonjwa. Wengi walitoroka.

Kuelekea mwaka wa 1928 kampuni iligeuza njia yake. Ilitoa mikataba ya miaka 3, ikataka mfanyakazi aje na mke wake, ikajenga nyumba za jamaa kambini na kutoa posho kwa mke na watoto. Msidhani ilikuwa ni huruma. Kampuni ilipiga hesabu, ikaona kwamba mtu anayeishi na mke wake hula vizuri, hutulia na hukaa kazini. Faida ya ndoa iliandikwa katika vitabu vya hesabu vya kampuni.

Lakini hapo kitu kimoja kilibadilika nyumbani. Kijijini mke alikuwa na shamba lake, ghala lake, na neno lake juu ya chakula. Kambini posho ilitoka kwa kazi ya mume na kwa jina la mume. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Ndivyo ilivyokuwa mwanzo wa miaka ya 1930, bei ya shaba ilipoanguka: maelfu waliachishwa kazi na kurudishwa makwao. Na mwezi wa Desemba 1941, vita kuu ya pili ilipopandisha bei za vitu, wafanyakazi wa Elisabethville waligoma wakidai mshahara wa kutosha. Askari waliwapiga risasi. Wanawake waliokuja mjini nyuma ya mume wakajikuta wajane mbali na shamba la mama yao.

Nayasema haya kwa sababu kambi ya wakimbizi inafanana na kambi ya migodi kwa jambo moja: chakula kinakuja kwa karatasi, na jina lililoandikwa juu ya karatasi hubadilisha sauti za watu ndani ya nyumba. Nitarudi huko.

3. Mto Sankuru, Desemba 1960

Sasa nawaomba mfikirie mume na mke ambao ninyi nyote mnawajua, angalau jina la mume. Patrice Emery Lumumba alimwoa Pauline Opango mwaka wa 1951. Wote wawili asili yao ni Sankuru, na ndoa ilipangwa na jamaa, kama ilivyokuwa kawaida. Mume alikuwa karani, mtu wa vitabu na mikutano. Mke hakuwa amesoma sana. Haikuwa ndoa isiyo na doa. Walioandika maisha yao wameeleza kwamba mume alikuwa na wanawake wengine, na Pauline aliumia. Mume alifungwa 1956, akafungwa tena 1959, na kila mara nyumba ilibaki mikononi mwa mke. Siwaletei mfano wa malaika. Nawaletea watu.

Tarehe 30 Juni 1960 nchi ilipata uhuru, na Lumumba akawa waziri mkuu. Mwezi wa Septemba aliondolewa, kisha akazungukwa na askari nyumbani kwake Leopoldville, yaani Kinshasa. Mwezi wa Novemba walifiwa na mtoto mchanga. Usiku wa tarehe 27 Novemba alitoka nyumbani kwa siri, akaelekea Stanleyville, ambayo leo ni Kisangani, walikokuwa wafuasi wake. Pauline alikuwa katika safari hiyo pamoja na mtoto wao mdogo, Roland.

Tarehe 1 Desemba walifika Lodi, kwenye kivuko cha mto Sankuru. Lumumba alitangulia kuvuka na watu wachache. Pauline na mtoto walibaki ukingo wa pili pamoja na wengine. Ndipo askari waliokuwa wakimfuata wakafika, wakawashika waliobaki. Lumumba alikuwa amekwisha kuvuka. Mbele yake palikuwa na njia ya Stanleyville. Nyuma yake palikuwa na mto, na ng'ambo ya mto mke wake na mtoto wake.

Alirudi.

Labda utasema: aliporudi alikamatwa, na alipokamatwa aliuawa. Ni kweli. Alipelekwa Leopoldville amefungwa kamba, kisha gereza la kijeshi la Thysville, siku hizi Mbanza-Ngungu. Kutoka huko ilitoka barua yake ya mwisho, nayo aliiandika kwa mke wake. Tarehe 17 Januari 1961 aliuawa Katanga pamoja na Maurice Mpolo na Joseph Okito. Wako wanaosema kwamba ilimpasa kuendelea, kwa kuwa taifa zima lilikuwa linamngoja. Mimi sitaki kupima leo siasa ya siku ile. Nataka muone jambo moja tu: kwa mtu yule, kuvuka peke yake hakukuwa kuvuka.

Na Pauline je? Historia nyingi humwacha pale ukingoni. Tusimwache. Habari ya kifo ilipotangazwa mwezi wa Februari 1961, alitembea katika njia za Leopoldville kifua wazi, kama mwanamke aliyefiwa afanyavyo kwa desturi, akadai apewe mwili wa mume wake amzike. Hakupewa, maana wauaji walikuwa wamekwisha kuuharibu mwili. Alikuwa mjane wa miaka 24 hivi. Alikwenda Misri, walikokuwa wamepelekwa watoto wake wakubwa, akawa mkimbizi. Baadaye alirudi nchini, akafa Kinshasa mwezi wa Desemba 2014. Mwezi wa Juni 2022 Ubelgiji iliwarudishia watoto jino moja, kitu pekee kilichojulikana kubaki cha baba yao, likazikwa Kinshasa tarehe 30 Juni. Pauline hakuwahi kuiona siku hiyo. Lakini dai lililotimizwa siku ile, yeye ndiye aliyelitangulia miaka 61 nyuma, akitembea kwa miguu.

Mume alirudi ng'ambo. Mke alikaa upande wa mumewe hata baada ya kifo. Huo ndio upendo ninaotaka tuuzungumze. Hauwi kwa sababu wawili hao hawakukoseana. Walikoseana. Huwa kwa sababu, mto ulipofika kati yao, hakuna aliyejihesabu kuwa salama peke yake.

4. Sheria nayo ilijifunza

Msije mkadhani kwamba jambo hili ni la moyo tu. Limeingia hata katika sheria. Sheria ya Jamaa ya tarehe 1 Agosti 1987 ilisema kwamba mume ni mkubwa wa nyumba na mke amtii. Kifungu cha 448 kilimtaka mke apate ruhusa ya mume kwa tendo la kisheria linalomfunga kufanya jambo yeye mwenyewe.

Kisha ikaja vita ya 1996, na ile ya 1998 iliyoikata nchi mara mbili mpaka 2003. Mume alikuwa Kinshasa, mke Bukavu, Goma au Kisangani, na mstari wa vita katikati yao kama mto. Jamaa nyingi zilijuana kwa ujumbe wa Msalaba Mwekundu, karatasi isiyofungwa yenye habari za nyumbani tu: tuko wazima, mtoto amezaliwa, baba amefariki. Mke huyo, akitaka kutia sahihi ili alishe watoto, angeipata wapi ruhusa ya mume? Sheria ilimtuma kwa hakimu, na hakimu wakati wa vita unampata wapi? Wamama hawakungoja. Waliuza, walilima, walikopa, walilipa shule. Maisha yalitangulia, sheria ikafuata.

Sheria ya tarehe 15 Julai 2016 ilibadilisha kifungu hicho cha 448. Sasa ni mume na mke wanaotakiwa kupatana juu ya matendo ya kisheria yanayowafunga, na wakishindwa kabisa kupatana, aliyeumizwa anaweza kwenda mbele ya tribunali ya amani. Katiba ya 2006 nayo, katika kifungu cha 40, inataka jamaa ipangwe kwa namna ya kulinda umoja wake. Kwa Kiswahili cha nyumbani, neno la sheria ni hili: fanyeni shauri pamoja. Nalo ni neno ambalo wazee wetu wema walilijua bila kitabu.

5. Sisi leo

Sasa nasema nawe, wewe unayesikiliza.

Baba, umepoteza ng'ombe, shamba, kazi. Unaketi mbele ya hema tangu asubuhi. Mara nyingi kadi ya chakula imeandikwa jina la mama, naye ndiye anayetoka kwenda kulima kwa watu. Unaona umekuwa si kitu, na hasira inatafuta mlango. Kumbuka kambi ya migodi: karatasi ya posho ilibadilisha sauti ndani ya nyumba, wala haikuwa kosa la mke. Kadi ni ya nyumba. Anayeuza chakula cha watoto ili anywe pombe, amevuka mto peke yake.

Mama, usimwambie mume wako mbele ya majirani kwamba hana faida. Maneno hayo huua mtu polepole. Mpe kazi katika shauri: tule nini wiki hii, mtoto yupi aende shule, tuhame au tungoje. Mtu anayeulizwa shauri bado ni mtu.

Kabla mume hajakwenda kwenye machimbo, kabla mmoja wenu hajarudi kijijini kuangalia kama shamba liko salama, ketini wawili. Semeni siku ya kurudi, semeni nani ataarifiwa ikiwa njia imefungwa, semeni watoto watakimbilia kwa nani. Jamaa nyingi zimetengana kwa sababu kila mmoja alikimbia njia yake, na hawakuwa wamepatana mahali pa kukutania.

Na sasa lile jambo niliwaambia tutalirudia. Katika vita hivi wamama na wasichana wengi wamebakwa. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa Bukavu mwaka wa 1999, imetibu maelfu, na daktari wake Denis Mukwege alipewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2018. Mama aliyepatwa na hayo anapaswa kupelekwa kwa waganga upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa sababu dawa za kuzuia ukimwi zinahitaji haraka hiyo. Asifichwe, asicheleweshwe kwa ajili ya kikao cha jamaa. Na mume asiseme kwamba mke wake amezini. Uzinzi ni tendo la hiari. Kubakwa ni kosa la jinai la yule aliyebaka, na sheria za tarehe 20 Julai 2006 ziliongeza ukali dhidi yake. Aliyebaka anataka zaidi ya mwili: anataka nyumba yako ivunjike. Ukimfukuza mke wako, umemmalizia kazi yake. Baba, mke wako yuko ukingo wa pili, ameshikwa na aibu isiyo yake. Rudi umchukue. Hiyo ndiyo Sankuru yako.

Lakini tusidanganyane. Kuvumilia taabu pamoja si kuvumilia fimbo. Mtu akimpiga mwenzake na kusema huo ndio uvumilivu wa ndoa, ametumia neno jema kufunika baya. Anayepigwa ana haki ya kutafuta msaada kwa komite ya kambi, kwa mkubwa, na kwa tribunali.

Wakubwa wetu wa vijiji na wa kambi, nanyi mna sehemu yenu. Mnapoandika jamaa, andikeni majina mawili, la mume na la mke. Mnapokata neno la nyumba, sikieni wawili, siyo mmoja. Wasaidieni waliooana kwa desturi, mali ikatolewa, waandikishe ndoa yao kwenye ofisi ya etasivili, kwa sababu siku ya kifo karatasi hiyo ndiyo itakayomtetea mjane asifukuzwe shambani. Chifu anayemlinda mjane ameilinda amani ya kijiji kizima, maana mtoto aliyefukuzwa shambani kwa baba yake leo, kesho anaweza kushawishiwa ashike bunduki.

Baada ya kusikiliza au kusomewa, zungumzeni haya matatu. Moja: katika nyumba zetu, ni mambo gani huamuliwa na mmoja bila mwenzake? Mbili: katika kambi au mtaa wetu, ni mama yupi amefukuzwa kwa aibu isiyo yake, na nani atakwenda kumwita arudi? Tatu: tukikimbia tena, Mungu apishe mbali, mume, mke na watoto watakutania wapi? Lile la tatu msilijibu barazani. Lijibuni nyumbani, leo jioni, kabla ya kulala.

 Amani ikae nanyi nyumbani.